Ratiba ya mwanafunzi wa afya inapogoma: dalili, vyanzo na marekebisho

Mwanafunzi wa afya hujifunza mapema kwamba homa si ugonjwa, ni dalili. Zamani mtu akifika zahanati na homa aliandikiwa dawa ya malaria na kurudi nyumbani. Leo anapimwa kwanza, kwa sababu homa hiyohiyo inaweza kutoka kwenye mapafu, kwenye mkojo au kwenye kidonda. Lakini mwanafunzi huyohuyo, awe wa udaktari, uuguzi, ukunga, famasia au maabara, ratiba yake ikimshinda hujitibu bila kipimo. Anasema "mimi mvivu," anachora jedwali jipya, anaapa kuanza Jumatatu. Anaamka saa kumi alfajiri siku tatu mfululizo. Siku ya nne usingizi unamchukua akiwa bado na koti jeupe mwilini.

Uvivu ni nadra kuwa chanzo. Mtu aliyepita kidato cha sita na Kemia na Biolojia zake, akapata nafasi chuoni na kuvumilia maabara ya anatomia, si mvivu. Mara nyingi tatizo ni kwamba ratiba yake imejengwa kwa ajili ya siku ambazo hana. Amepanga siku ya mtu wa ofisini, ilhali anaishi siku ya mtu wa wodini.

Nimeandika nikiwafikiria zaidi wanafunzi wa Tanzania, walioko Muhimbili na Mloganzila, hospitali ya KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Dodoma, Mbeya na vyuo vya kati vya mikoani. Msomaji wa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya vitu tu. Zamu ni zilezile.

Kabla ya kutafuta dalili yako, fanya kipimo kimoja. Kwa siku saba andika kwenye karatasi ulilala saa ngapi, uliamka saa ngapi, ulitoka chumbani na kurudi saa ngapi, ulikula nini na lini, ulikaa na kitabu muda gani. Usibadilishe chochote katika siku hizo. Wengi huruka hatua hii kwa sababu wanaona wanajua wanavyoishi. Karatasi huonyesha mengine kabisa.

Dalili: ratiba haimalizi wiki

Chanzo cha kwanza ni saa. Miaka miwili ya mwanzo ya shahada ya udaktari hupita zaidi darasani na maabara: anatomia, fiziolojia, baiokemia. Kipindi kinaanza na kuisha kwa kengele, hivyo ukiandika "saa nane hadi saa kumi jioni, kusoma," utasoma. Ukiingia wodini mambo yanageuka. Raundi, yaani kupita na daktari kitanda kwa kitanda, iliyotakiwa kuisha saa tano inafika saa nane kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha sita amebadilika ghafla, na hakuna daktari wa kumwacha akakimbilie ratiba ya mwanafunzi. Ukiwa bado unapanga kwa saa, siku yako ya kwanza wodini inalivunja jedwali, na ya pili inakuvunja moyo.

Marekebisho yake ni kufunga kazi kwenye matukio. Badala ya "saa nane," andika "nikitoka raundi nakula kabla ya jambo lingine lolote." "Nikifika chumbani naoga, ndipo nashika simu." "Baada ya magharibi nafungua daftari la mgonjwa wa leo." "Nikimaliza chakula cha usiku naandaa sare na begi la kesho." Tukio likichelewa, kazi inachelewa nalo bila kufa. Kitu kimoja tu nakushauri ukiache kwenye saa, nacho ni muda wa kuamka siku zisizo na zamu ya usiku, kwa sababu mwili hurekebisha saa yake ya ndani kwa mwanga wa asubuhi.

Hatua inayofuata ni kuacha kuwa na ratiba moja. Mwanafunzi wa afya ana siku za aina nne: siku ya darasa tu, siku ya wodi, siku ya zamu ya usiku, na siku ya kutoka zamu. Kila moja iandikie orodha yake fupi, mambo manne au matano. Ile ya mwisho ndiyo karibu kila mtu huisahau, na ndiyo inayoharibu wiki nzima. Unatoka zamu asubuhi, kichwa kizito, na jedwali linakuambia usome famakolojia saa nne. Huisomi, unajilaumu, usingizi nao unaukosa. Siku ya kutoka zamu iandikie kulala, kula chakula cha moto, kufua, kuongea na mtu unayempenda. Mada mpya isiguse siku hiyo.

Chanzo cha pili ni safari ambayo haijahesabiwa. Anayekaa hosteli ya jirani na hospitali na anayetoka Mbagala, Gongo la Mboto au Kibaha hawana siku yenye urefu sawa, hata kama wako darasa moja. Ukihamishwa kutoka Muhimbili ya Upanga kwenda Mloganzila kwa mzunguko mpya wa mafunzo, asubuhi yako imebadilika na ratiba ya zamani imekufa siku hiyohiyo. Pima kuanzia mlango wa chumba hadi mlango wa wodi, pamoja na kusubiri kituoni, kisha uondoe muda huo kwenye siku kabla ya kupanga chochote. Ukipata kiti kwenye daladala unaweza kusikiliza somo. Ukiwa umesimama kwenye basi la mwendokasi umeshikilia bomba, acha kichwa kipumzike.

Chanzo cha tatu ni ratiba iliyojaa hadi pomoni. Acha jioni moja ya wiki bila jina. Kazi iliyovuja kutoka siku nyingine itaingia hapo. Isipokuwepo, ni mapumziko yako halali.

Dalili: unasinzia kwenye raundi, unaamka umechoka

Jiulize swali hili: siku ambayo hakuna kengele, unalala saa ngapi zaidi ya siku za kazi? Ukizidisha saa mbili au tatu, una deni la usingizi, na hakuna mbinu ya kusoma itakayokusaidia kabla hujaanza kulilipa. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Kulala kwa saa nne tu kila usiku Jumatatu hadi Ijumaa, kisha kushinda kitandani Jumamosi, hakurudishi kila kilichopotea.

Wanafunzi wengi huona kukesha ni ushujaa, na bwenini anayezima taa mapema huonekana hana uchungu na masomo. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hesabu mwenyewe: ukiamka saa kumi na moja alfajiri, saa nne usiku umefika hapo. Kama uko zamu, saa hiyo ndiyo unayovuta dawa kwenye sindano. Kwa hiyo usingizi kwetu si anasa ya mwanafunzi mwenye bahati. Ni sehemu ya usalama wa mgonjwa, sawa na kunawa mikono.

Ukishajua una deni, tafuta linakotoka. Mara nyingi ni kahawa, chai ya rangi au vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Nusu ya kafeini huchukua takribani saa tano kutoka mwilini. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni, nusu yake bado inafanya kazi saa tano usiku, na hata ukipata usingizi unakuwa mwepesi. Siku za kawaida kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa nane mchana.

Chanzo kingine ni chumba chenyewe. Watu sita, taa inawaka hadi saa nane usiku, mmoja anacheza video, mwingine anajisomea kwa sauti. Hapa ratiba yako haitoshi; panahitajika makubaliano. Kaeni mara moja, mwanzoni mwa muhula, mkubaliane saa ya kuzima taa kubwa, anayetaka kuendelea atumie taa ya mezani au aende maktaba. Ni rahisi kulisema hilo wiki ya kwanza kuliko mwezi wa tatu mkiwa mmeshakwaruzana. Kitambaa cha kufunika macho na pamba masikioni vitamalizia. Na chandarua kishushwe hata kukiwa na joto: malaria moja inakula wiki yako kuliko feni mbovu.

Usingizi wa mchana unasaidia sana ukiwa mfupi. Dakika 20 zinatosha kukurudisha. Ukipitiliza kidogo unazama kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa hapo unaamka umevurugika kuliko ulivyolala.

*Zamu ya usiku* inastahili maelezo yake. Alasiri kabla ya zamu lala saa moja na nusu hivi, muda ambao usingizi hukamilisha mzunguko wake mmoja. Kula mlo mzito kabla ya kuingia, na baada ya saa sita usiku ule vitu vyepesi tu. Kahawa inywe mwanzoni mwa zamu, usiinywe alfajiri. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja joto la mwili linashuka na umakini unafika chini kabisa, hapo kila dozi ihesabiwe na watu wawili, na usione aibu kusema, "Sista, naomba tuhakiki pamoja." Muuguzi mzoefu atakuheshimu kwa hilo. Ukitoka, usiendeshe pikipiki wala gari. Funga dirisha kwa kanga nzito, lala hadi saa saba au nane mchana, kisha uamke hata kama unataka kuendelea, ili usiku ulale na watu wengine. Kwa usiku mmoja au miwili usijaribu kugeuza saa ya mwili wako. Haitakuwa imegeuka kabla zamu haijaisha.

Sasa hili lisomwe taratibu. Umelala saa saba hadi nane kila usiku kwa wiki mbili na bado umechoka? Acha kurekebisha ratiba, nenda kapimwe. Upungufu wa damu ni wa kawaida, hasa kwa wasichana wenye hedhi nzito na kwa yeyote mwenye minyoo ya safura. Kuna malaria, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, ujauzito. Na kuna kifua kikuu, ambacho mwanafunzi wa afya anakikaribia kila siku wodini: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, uzito unaopungua bila sababu. Kajiandikishe kama mgonjwa, uwe na faili. Mtindo wa kumpa rafiki wa maabara sampuli pembeni unakunyima daktari wa kukufuatilia, na majibu yanabaki kwenye ujumbe wa simu ambao hakuna atakayeusoma tena.

Dalili: unasoma masaa mengi, hakuna kinachobaki

Kipimo: funika daftari, chukua karatasi tupu, andika yote unayokumbuka kuhusu ulichosoma jana. Karatasi ikibaki nyeupe, tatizo ni namna ya kusoma, na kuongeza saa kutaongeza uchovu tu.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma andiko mara kwa mara na waliolisoma kisha wakajipima. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka zaidi kwa kiasi kikubwa. Hapo ndipo desa, yale maandishi ya muhtasari tunayopeana, linapotudanganya. Unalipitia mara nne usiku wa kuamkia mtihani, kila kitu kinaonekana unakifahamu, na kesho yake mtahini akikuuliza kwa mdomo mbele ya kitanda cha mgonjwa, maneno hayaji. Kulitambua jibu ukiliona na kulitoa kichwani ni kazi mbili tofauti, na wodini unaombwa ile ya pili.

Njia inayowafaa wanafunzi wa wodini, na ambayo ningeitetea mbele ya mtu yeyote, ni mgonjwa mmoja kwa siku. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, soma kuhusu mtu mmoja uliyemwona. Nusu saa inatosha ukiwa na maswali matatu: kwa nini ana dalili hii, kipimo gani kingetofautisha ugonjwa wake na unaofanana nao, na kwa nini amepewa dawa hii kwa kiasi hiki. Chukua mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Kwa nini muuguzi alimgonga goti, akahesabu pumzi na kuangalia mfuko wa mkojo kabla ya dozi iliyofuata? Kwa sababu dawa hiyo hutolewa na figo, na ikizidi mwilini inaanza kuondoa mrejesho wa goti (mguu hauruki tena goti likigongwa), kisha inadhoofisha upumuaji. Ndiyo maana kalisiamu glukoneti, dawa ya kuipinga, hukaa karibu. Ukimsoma mama huyo usiku, hutamsahau miaka kumi. Ukisoma sura nzima ya shinikizo la damu la ujauzito bila sura ya mtu yeyote kichwani, wiki ijayo unaanza upya.

Chanzo kingine ni saa mbaya ya kusoma. Kitu kigumu usikipeleke saa tano usiku baada ya siku ya kusimama. Kiweke asubuhi ya siku ya darasa au Jumamosi mapema, na usiku uachie maswali ya mitihani iliyopita na marudio mafupi.

Kuhusu diskasheni: ni nzuri kila mtu akija amesoma na ana swali. Watu wanne, saa moja na nusu, kila mmoja anafundisha kipande chake. Mkikutana wanane kwenye kimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, bila aliyejiandaa, mtazungumza mpira na mahusiano hadi mwanga uzimike, na kila mmoja ataondoka akiamini amesoma.

Simu je? Makundi ya WhatsApp yote yanyamazishe, ubaki na la darasa na la wodi.

Dalili: tumbo linauma, mikono inatetemeka, unakula mara moja kwa siku

Ukiwa na njaa huwezi kufuata ratiba yoyote. Mwanafunzi anayetoka chumbani saa kumi na mbili bila kula, akakutana na chakula saa tisa alasiri kwa mama ntilie, anakula sahani mbili na kusinzia jioni nzima. Kisha anajiita mvivu.

Chanzo kimojawapo ni raundi isiyotabirika, na dawa yake ni chakula cha begini: mayai mawili ya kuchemsha, karanga za kukaanga kwenye karatasi, ndizi mbivu, viazi vitamu vilivyochemshwa jana usiku. Ni bei nafuu, havimwagiki, vinaliwa kwa dakika tatu chumba cha wauguzi. Wodini penyewe usile. Ni kujilisha vijidudu. Chupa ya maji iwe na wewe, kwa sababu maumivu ya kichwa ya saa nane mchana mara nyingine ni kiu.

Chanzo kingine ni boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Siku mbili za kwanza ni kuku na pizza, wiki za mwisho ni chai na andazi kwa mkopo. Fedha ikiingia, ondoa kodi na nauli, kinachobaki kigawanye kwa idadi ya wiki hadi fungu linalofuata, na kila Jumapili ujitolee fungu la wiki moja tu. Kununua mchele, maharage na unga pamoja na mwenzako mmoja siku hiyohiyo boom linapotoka kunaokoa zaidi ya bajeti yoyote ya kwenye simu. Kama pesa haitoshi hata kwa hesabu hiyo, mwone mshauri wa wanafunzi mapema. Anawaona wengi wenye shida hiyo, na nafasi za msaada huisha.

Mwezi wa Ramadhani orodha za zile aina nne za siku zibadilishwe. Daku isiachwe, na iwe na kitu cha kukaa tumboni kama maharage, mayai au uji wa ulezi. Masomo magumu yahamie baada ya daku na swala ya alfajiri, kabla ya kwenda wodini. Kama una zamu ya jioni, ongea na msimamizi mapema kuhusu dakika chache za kufuturu. Tende tatu na maji huliwa kwa muda mfupi. Mwenye kisukari au anayenyonyesha anajua dini imempa ruhusa yake.

Maumivu yakiendelea, au choo kikiwa cheusi kama lami, usimeze dawa za kupunguza asidi ulizopewa na mwenzako wa famasia. Nenda hospitali.

Mazoezi nayataja hapa kwa ufupi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya nguvu ya wastani kwa wiki. Kutembea haraka kwenda hospitali na kupanda ngazi badala ya lifti kunaingia kwenye hesabu hiyo.

Dalili: kila mtu ana haki na muda wako isipokuwa wewe

Ukishavaa koti jeupe, ukoo mzima umepata daktari. Shangazi anapiga simu saa nne usiku kuuliza dawa ya miguu kuwaka moto. Mjomba anatuma picha ya majibu ya maabara. Jirani wa kijijini amefika Muhimbili, anaomba umsindikize kliniki zote tatu. Kuna harusi, kuna kwaya, kuna msiba. Hakuna mwongozo wa kigeni wa ratiba utakaokusaidia hapa, kwa sababu utakuambia ukatae, na kwetu kukataa kavukavu kunaacha kidonda.

Yatenganishe mambo haya. Msiba wa karibu unakwenda, na ratiba inasubiri. Toa taarifa kwa kiongozi wa darasa na msimamizi wa wodi kabla hujapanda basi, hata kwa ujumbe, ili siku ulizokosa zipangiwe njia ya kufidiwa. Mgonjwa wa nyumbani mpe njia badala ya siku yako nzima: mwelekeze dirisha la kuandikisha, mwandikie kwenye karatasi majengo kwa mpangilio, mwahidi kupita ukitoka raundi. Simu za ushauri zipe muda maalumu: "Shangazi shikamoo, nimeona simu yako, niko wodini. Jumapili jioni nitakupigia tuongee vizuri. Kama mguu umevimba au una kidonda, usinisubiri, nenda kituo cha afya kesho asubuhi." Hapo umemheshimu, umemlinda, na hujamwandikia dawa ambayo huna leseni ya kuandika.

Wanaofanya biashara au kufundisha tuisheni ili wajikimu, nawaelewa kabisa. Angalieni tu kazi hiyo isikae usiku wa kabla ya siku ya wodi.

Dalili: moyo umepoa

Mgonjwa analia na unahisi anakuchelewesha. Unamwita kwa namba ya kitanda. Asubuhi unakaa ukingoni mwa kitanda dakika nyingi ukitazama viatu. Dalili hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu mwenye nayo husifiwa kwamba amekomaa.

Chanzo chake kinaweza kuwa uchovu wa kazi uliopitiliza. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyopitishwa mwaka 2019, linaueleza kwa alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi kazi vizuri tena. Haukuwekwa kama ugonjwa, umewekwa kama hali itokanayo na kazi. Unaweza kupungua mtu akipata siku kadhaa za kulala, kula na kukaa na watu wasiozungumzia hospitali.

Kinaweza pia kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa na ina tiba. Tofauti mojawapo ya kuangalia ni hii: ukiwa likizo nyumbani, furaha inarudi? Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huzuni au kukosa hamu kumekufuata hata kwenye vitu ulivyovipenda, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kukosa ladha na kujiona huna thamani, usitafute ratiba. Mwone daktari wa afya ya akili. Kama unaogopa kukutana na mwalimu wako kwenye foleni, nenda hospitali nyingine. Hiyo ni haki yako. Mawazo ya kutaka kufa yakija, mwambie mtu leo, usilale peke yako usiku huo, dawa zote ulizonazo chumbani mkabidhi mtu mwingine, na uende idara ya dharura.

Na kuna chanzo cha tatu, kisichozungumzwa: huzuni ya kawaida ambayo haikupewa nafasi. Mtoto uliyemchukulia historia jana, leo kitanda kimetandikwa upya, na raundi imesonga kwa mgonjwa anayefuata. Hakuna aliyekuuliza. Siku ya namna hiyo futa masomo ya jioni. Mtafute muuguzi au intani (daktari aliye mafunzoni kazini) aliyekuwepo, mzungumze yaliyotokea tangu mwanzo, kitabibu na kibinadamu. Anayesali asali. Anayetaka kulia alie. Ukilipitisha kila tukio kavukavu, mwili unajifunza kuzima hisia zote, na hapo ndipo mgonjwa anapogeuka namba.

Ukibadilisha, badilisha kimoja

Chagua chanzo kimoja kutoka kwenye karatasi yako ya siku saba, ukianza na usingizi kama umo. Kifanyie kazi wiki mbili kabla ya kugusa kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na mambo yakawa mazuri, hutajua kipi kilisaidia. Yakiharibika utavitupa vyote, hata kile kilichokuwa kinafanya kazi.

Wiki za mitihani ya mwisho wa muhula ziwe na ratiba yake, na sheria moja isiyovunjwa: saa sita za usingizi kama kiwango cha chini kabisa. Ulichosoma jioni hupangwa na kuimarishwa na ubongo ukiwa umelala. Hofu ya sapu, yaani mtihani wa marudio, itakuambia vinginevyo saa nane usiku, na saa hiyo hakuna uamuzi mzuri unaofanywa na mtu yeyote.

Ratiba inaposhindikana kwa sababu si yako

Mara nyingine umepima vyote, umelala, umekula, na bado siku haitoshi. Zamu ya usiku inaisha saa mbili asubuhi na jaribio linaanza saa tatu. Wodi mbili zinakutaka kwa wakati uleule. Hapo chanzo ni mpangilio wa chuo au wa wodi, na ukiendelea kujilaumu unamficha mgonjwa halisi.

Kusanya ushahidi kwa wiki mbili pamoja na wenzako wa kundi: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kipindi kilichogongana. Weka kwenye ukurasa mmoja. Ongezea pendekezo, kwa sababu anayepeleka tatizo pamoja na njia ya kulitatua husikilizwa haraka: "Tunaomba kundi linalotoka zamu Jumatano lifanye jaribio saa nane mchana." Anza na kiongozi wa darasa, kisha mratibu wa kozi; kwa mambo ya zamu, mwone sista inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, wakati wodi imetulia, kamwe si katikati ya makabidhiano. Msalimie, mpe karatasi, mweleze kwa dakika mbili.

Na mtu akijichoma sindano mwishoni mwa zamu ndefu, jambo linalotokea zaidi mikono ikichoka, asioshe tu na kwenda kulala. Sehemu ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kuikamua, tukio liandikishwe, na dawa za kinga dhidi ya VVU zianzwe haraka, ikiwezekana ndani ya saa chache na isizidi saa 72, kisha zimezwe siku 28. Kadi yako ya chanjo ya homa ya ini B iangaliwe siku hiyohiyo. Na ripoti hiyo ya tukio, yenye saa uliyoingia zamu na saa uliyojichoma, iambatanishwe kwenye ule ukurasa mnaoupeleka kwa mratibu.